Kumtambua mtumiaji kabla ya kumfungulia: mwongozo kamili wa uthibitisho kwenye huduma za mbali

Tuchukulie chama cha wavuvi cha kisiwa cha Pate kimeamua kuachana na daftari. Makarani wake wako Kizingitini, Faza na Siyu, na kila mmoja ana tableti yenye programu ya kuandika nani ameteremsha samaki gani, kilo ngapi, na mnunuzi gani amechukua. Mhasibu amekaa Lamu mjini na kompyuta yake. Data yote inakwenda kwenye seva ya kukodi, ambayo huenda iko Nairobi au ng'ambo kabisa. Kazi kubwa inafanyika kwenye kifaa cha mtumiaji: programu ina kurasa zake, hifadhi yake na hesabu zake, na seva inaombwa data au kupelekewa data tu.

Sasa ombi linafika kwenye seva: ongeza kilo 40 za kamba mawe kwa mvuvi fulani. Seva inajuaje limetoka kwa nani?

Watengenezaji wengi hujibu kwa kuweka ukurasa wa kuingia ndani ya programu, kisha wakaiacha huduma yenyewe wazi. Hapo hakuna ulinzi wowote. Programu ikishawekwa kwenye tableti iko mikononi mwa mwenye tableti. Anaweza kuifungua, kusoma maombi inayotuma, na kuyatuma mwenyewe kutoka kompyuta yoyote bila kuupitia ukurasa wa kuingia. Ukaguzi ndani ya programu unamrahisishia mtumiaji kazi. Unaolinda ni ukaguzi wa seva, nao hufanywa kwa kila ombi, la kwanza hadi la elfu. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu kilo zilizoandikwa ndizo riziki ya mvuvi. Mtu akiweza kuzibadilisha bila kujulikana, amemwibia mtu aliyekesha baharini.

Jua nani anafanya nini

Kabla ya kuandika msimbo, kaa na watu wa chama muandike majukumu. Karani huongeza mapokezi ya kituo chake. Mhasibu husoma ya vituo vyote na kuandika malipo. Msimamizi hufungua na kufunga akaunti. Mvuvi husoma yake tu. Kila mtu apate akaunti yake. Akaunti moja ya "karani" inayotumiwa na watu watatu itakufunga mikono siku ya mzozo, maana kumbukumbu zitasema "karani" na kila mmoja atasema si yeye.

Njia ya HTTPS

Nywila na tokeni zikipita kwenye HTTP tupu, yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo anaweza kuzisoma. Hata utaratibu wa zamani wa HTTP uitwao Basic hupeleka jina na nywila kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na Base64 si usimbaji fiche: hurudishwa kuwa maandishi ya kawaida kwa amri moja. Kwa hiyo weka TLS, yaani usimbaji fiche unaoigeuza HTTP kuwa HTTPS, kabla ya jambo lolote. Cheti hupatikana bure kutoka Let's Encrypt. Hudumu muda mfupi tu, basi panga kihuishwe chenyewe wala usitegemee mtu akumbuke.

Kuna jambo linalotokea sana kwenye tableti ambazo betri huisha kabisa: saa ya kifaa inarudi nyuma miaka, na programu inakataa cheti kwa kusema bado hakijaanza kutumika. Mtengenezaji aliyebanwa huzima ukaguzi wa cheti ndani ya programu ili kazi iendelee. Usifanye hivyo kamwe. Ukiuzima, mtu yeyote anaweza kujifanya seva yako na kupokea nywila za makarani wote. Onyesha ujumbe unaoeleweka, kwamba saa ya kifaa si sahihi, iwekwe ijirekebishe kwa mtandao.

Nywila zisihifadhiwe kama zilivyo

Seva haihitaji kuijua nywila ya mtu. Inahitaji tu kuweza kuhakikisha kwamba aliyoiandika leo ni ile ile ya jana. Hifadhi hashi yake, yaani matokeo ya hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma kuwa nywila, na hashi yenyewe iwe ya aina iliyobuniwa kwa nywila. Argon2id ndiyo ninayopendekeza. Argon2 ilishinda shindano la kimataifa la hashi za nywila mwaka 2015. OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, hupendekeza angalau kumbukumbu ya MiB 19, mizunguko 2 na uzi 1, kiwango ambacho hata seva ndogo ya kukodi inakimudu. Kama maktaba yako ina bcrypt pekee, ni sawa, ila jua kwamba bcrypt kwa kawaida husoma baiti 72 za mwanzo tu. MD5 na SHA-256 zikiwa peke yake hazifai hapa kwa sababu ya kasi yake: mwizi wa hifadhidata anaweza kubahatisha mamilioni ya nywila kwa sekunde. Chumvi, yaani data nasibu inayochanganywa na kila nywila ili nywila mbili zinazofanana zisitoe hashi moja, maktaba nzuri huiweka yenyewe.

Kuhusu nywila zenyewe, zikubali ziwe ndefu, uzikatae zile zinazojulikana kuwa zimevuja, wala usiwalazimishe watu kuzibadilisha kila mwezi. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017 uliacha kudai mabadiliko ya mara kwa mara, nami naona ni sahihi. Karani anayelazimishwa kubadilisha huishia kuongeza namba mwishoni, au kuiandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya tableti.

Mlango wa kuingilia

Mlango ni anwani moja ya huduma inayopokea maombi, na huu ndio pekee unaopokea nywila. Programu hutuma:

```
POST /ingia
{"jina": "karani.faza",
 "nywila": "...",
 "kifaa": "tableti-faza-1"}
```

Seva ikiridhika hujibu:

```
{"tokeni_kazi": "...",
 "sekunde": 900,
 "tokeni_huisho": "..."}
```

Isiporidhika hujibu 401, namba ya HTTP ya kusema "hujatambuliwa", kwa maneno yale yale, liwe jina halipo au nywila si sahihi. Ukisema "jina halipo", umempa mgeni njia ya kuorodhesha wanachama. Muda wa kujibu nao usitofautiane: jina lisipokuwepo, piga hata hivyo hesabu ya hashi juu ya nywila ya uongo.

Weka kikomo cha majaribio. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya ng'ambo huliruka. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Ukifunga anwani baada ya majaribio matano mabaya, unaweza kuwafungia makarani wote watatu pamoja na watu wasiohusika. Hesabu majaribio kwa akaunti kwanza, kwa anwani baadaye na kwa kikomo kikubwa zaidi. Badala ya kuifunga akaunti moja kwa moja, rudisha 429 (maombi mengi mno) na uongeze muda wa kusubiri kidogo kidogo, la sivyo mtu mwenye chuki anaweza kumfungia karani kazini kwa kuandika nywila mbovu makusudi.

Tokeni mbili, kazi mbili

Baada ya kuingia, nywila isahauliwe na programu. Kinachobaki ni tokeni, mfuatano nasibu unaoambatana na kila ombi:

```
GET /mapokezi?kituo=faza
Authorization: Bearer 9f3c...
```

Tokeni ya kazi ina maisha mafupi, tuseme dakika 15, na ndiyo inayotumwa kila mara. Tokeni ya huisho ina maisha marefu, labda mwezi. Hutumwa kwenye mlango mmoja tu, `/huisha`, kuomba tokeni mpya ya kazi. Kwa njia hii ile inayosafiri sana ikinaswa hudumu dakika chache, na ile ndefu husafiri mara chache.

Tokeni iwe ya aina gani? Watu wengi hukimbilia JWT (JSON Web Token), iliyosanifishwa mwaka 2015 kama RFC 7519, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti. JWT hubeba habari ndani yake pamoja na sahihi ya kidijitali, hivyo seva huikagua bila kuuliza hifadhidata. Hilo lina faida ukiwa na seva nyingi. Kwa chama chenye seva moja na makarani wachache, nashauri tokeni isiyo na maana yoyote ndani yake: baiti 32 kutoka kwenye chanzo cha nasibu cha mfumo, ihifadhiwe kwenye jedwali pamoja na namba ya mtumiaji, kifaa na muda wa kuisha. Karani akiacha kazi saa nne asubuhi, unafuta mstari wake na saa nne hiyo hiyo hawezi tena kuingia. JWT itaendelea kukubaliwa hadi muda wake uishe, isipokuwa ujenge orodha ya zilizofutwa, na hapo umerudi kwenye hifadhidata uliyokuwa ukiikwepa.

Katika jedwali usihifadhi tokeni yenyewe. Hifadhi SHA-256 yake. Hapa SHA-256 inatosha, tofauti na nywila, kwa kuwa baiti 32 za nasibu hazibahatishiki.

Ukiamua JWT hata hivyo, kagua sahihi kwa algorithimu uliyoichagua wewe, si ile tokeni inayojitajia, na ukatae kabisa ile isemayo `none`. Kagua muda wa kuisha, aliyeitoa na anayelengwa nayo. Usiweke siri ndani yake, maana yeyote anaweza kuisoma.

Jibu linapopotea njiani

Desturi nzuri ni kwamba tokeni ya huisho itumike mara moja: seva inapotoa tokeni ya kazi mpya, inatoa na ya huisho mpya, na ile ya zamani inakufa. Ya zamani ikionekana tena, seva inachukulia kwamba kuna wawili wanaoitumia, mmoja wao mwizi, na inafuta ukoo wote wa tokeni hizo. RFC 9700 ya Januari 2025 inautaja utaratibu huu kwa programu zisizoweza kutunza siri yake.

Kwenye maji yetu utaratibu huu ukichukuliwa jinsi ulivyo unawaumiza wasio na hatia. Karani yumo kwenye boti kutoka Faza kuja Lamu, wamefika mkondo wa Mkanda. Tableti inatuma ombi la kuhuisha. Seva inalipokea, inaiua tokeni ya zamani, inatuma mpya, na kabla jibu halijafika mtandao unakatika. Tableti imebaki na tokeni iliyokufa. Mtandao ukirudi inaituma tena, seva inamwona mwizi, na karani anatupwa nje huku ana mapokezi ya siku nzima yasiyotumwa.

Wengine hutatua kwa kuiacha ya zamani ikubaliwe kwa dakika moja zaidi. Dakika moja haisaidii mtandao ukipotea saa tatu. Njia iliyo bora ni hii: tokeni ya zamani isife mpaka ile mpya ionekane ikitumika. Kwenye jedwali, kila tokeni ya huisho iwe na safu ya mrithi na safu ya "imetumika". Ya zamani ikija na mrithi wake hajatumika bado, mfute huyo mrithi, toa mwingine, uendelee. Ikija na mrithi amekwisha kutumika, hapo ndipo pa kufuta ukoo mzima na kumtaka mtu aingie upya kwa nywila. Mwizi hapati upenyo mpya: akiitumia ya zamani akapewa mrithi wake, mrithi aliye kwenye tableti ya karani amefutwa, na karani akileta huyo aliyefutwa seva inang'amua na kuwafungia wote wawili. Kwa hiyo usiifute kabisa mistari ya warithi waliofutwa. Iwekee alama, ili seva iitambue tokeni hiyo ikiletwa.

Hifadhi mabadiliko yote ya hatua hii ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Vinginevyo maombi mawili yakifika pamoja yatazaa warithi wawili.

Upande wa mteja

Tokeni ya huisho ikae kwenye hifadhi salama ya mfumo: Keystore kwenye Android, Keychain kwenye iOS na macOS, DPAPI kwenye Windows. Isikae kwenye faili la kawaida la mipangilio. Tokeni ya kazi inaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya programu tu, ikipotea ihuishwe.

Usifiche ufunguo wowote wa siri ndani ya programu ukidhani utaitambulisha kwa seva. Kila nakala ya programu inabeba ufunguo ule ule, na faili la APK, yaani la programu ya Android, hufunguliwa kwa zana za bure.

Kama mhasibu anatumia kivinjari, mpango unabadilika. Huko tumia kidakuzi chenye alama za `HttpOnly`, `Secure` na `SameSite`, maana msimbo mbaya ukipenya kwenye ukurasa unaweza kusoma localStorage, hifadhi ya kawaida ya kivinjari, lakini hauwezi kusoma kidakuzi cha `HttpOnly`. Na kwa sababu kivinjari hupeleka kidakuzi chenyewe, weka pia kinga dhidi ya maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine.

Ndani ya programu, maombi yote yapitie sehemu moja inayoambatanisha tokeni. Sehemu hiyo ikipokea 401 ihuishe, irudie ombi mara moja, na ikishindikana impeleke mtumiaji kwenye ukurasa wa kuingia. Maombi matano yakipata 401 kwa pamoja, moja tu ndilo lihuishe, manne yangoje. Ikipokea 403 isihuishe chochote: 403 inasema tunakujua, ila hili si lako. Usiamini saa ya kifaa kupima kuisha kwa tokeni. Subiri seva iseme 401.

Bila mtandao, na tableti moja kwa watu wawili

Karani hawezi kumwambia mvuvi angoje mtandao huku samaki wanaharibika. Programu lazima ipokee maandishi bila seva, iyaweke kwenye foleni na kuyatuma baadaye. Kila pokezi lipewe namba ya UUID, ndefu na ya nasibu isiyogongana na nyingine, papo hapo kwenye kifaa, na seva iwe na sharti la kutorudia namba hiyo, ili likitumwa mara mbili lihesabiwe mara moja.

Kufungua skrini bila mtandao tumia PIN ya kifaa. PIN hiyo isiwe na nguvu yoyote kwa seva. Kazi yake ni kuruhusu matumizi ya ufunguo ulio kwenye Keystore, na baada ya makosa kadhaa ufunguo ufutwe.

Penye zamu, karani wa asubuhi anaacha foleni isiyotumwa na wa jioni anaingia kwenye tableti ile ile. Foleni ya asubuhi isitumwe kwa tokeni ya jioni. Tenga nafasi kwa kila mtumiaji, tokeni yake na foleni yake, na programu itume kila foleni kwa tokeni ya mwenyewe hata kama skrini iko kwa mwingine. Seva nayo isisome jina la mwandishi kutoka kwenye mwili wa ombi. Ilichukue kwenye tokeni. Hifadhi saa mbili, ya kifaa na ya seva, kwa kuwa siku ya kubishana zote mbili zitahitajika.

Kujulikana si kuruhusiwa

Karani wa Faza ameingia vizuri, tokeni yake ni halali. Anaomba `/mapokezi/1043`, ambalo ni la Kizingitini. Seva nyingi hukagua tokeni na kutoa data, na hapo ndipo data nyingi huvuja. Umiliki uwe ndani ya swali la hifadhidata:

```
SELECT * FROM mapokezi
WHERE namba = ? AND kituo = ?
```

Kituo kitoke kwenye akaunti ya aliyeingia, kisitoke kwenye ombi. Mfumo wako pia ukatae kila mlango ambao hukuutamkia ruhusa, ili mlango mpya ulioongezwa kwa haraka usizaliwe wazi.

Kuingia kwa akaunti ya nje

Ukitaka watu waingie kwa akaunti ya Google au nyinginezo, tumia OAuth 2.0, kanuni ya kuomba ruhusa kwa huduma nyingine, pamoja na PKCE, nyongeza inayozuia nambari ya ruhusa iliyonaswa njiani isitumiwe na mwingine, na kwa utambulisho wa mtu tumia OpenID Connect juu yake. Fungua kivinjari cha mfumo, usifungue dirisha la ndani ya programu. RFC 8252 ya mwaka 2017 inaeleza sababu, kubwa ikiwa kwamba dirisha la ndani linaweza kusoma nywila ya mtumiaji. Njia ya zamani ya programu kupokea nywila ya akaunti ya nje na kuibadilisha kwa tokeni imekatazwa na RFC 9700.

Nywila ikisahaulika

Nambari ya siri kwa SMS ni rahisi, lakini laini hubadilishwa kwa ulaghai, na namba iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Kwa chama ambacho watu wanafahamiana, njia bora ni karani kufika mbele ya msimamizi, naye amtolee nambari ya matumizi moja inayokwisha baada ya muda mfupi. Nywila ikibadilishwa, tokeni zote za akaunti hiyo zifutwe. Kwa mhasibu na msimamizi, ambao akaunti zao zikiibwa hasara ni ya wote, ongeza nambari za TOTP za kwenye simu. Zinabadilika kila sekunde 30 na simu haihitaji mtandao kuzitoa.

Andika kumbukumbu za kuingia, kushindwa kuingia, kuhuisha na kufuta, bila nywila wala tokeni ndani yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wenye hatari halisi ya kuwadhuru wenye data, na bila kumbukumbu hutajua cha kumwambia.

Kupima kabla ya kukabidhi

Iache programu pembeni, tumia `curl`, zana ya kutuma maombi kwa amri. Pitia kila mlango wa huduma, hata ule unaodhani hauna maana. Bila tokeni, jibu liwe 401. Kwa tokeni iliyokwisha, 401. Kwa tokeni halali ya kituo kingine, 403 au 404 (hakipo), na mwili wa jibu usiwe na jina la mvuvi hata mmoja. Funga akaunti ya karani huku tableti yake imewashwa, uone kama ombi linalofuata linakataliwa.

Halafu pima Mkanda ukiwa mezani. Zuia jibu la `/huisha` lisifike, ukitumia seva ya kati au kwa kuizimisha tableti data sekunde ile ile, iache saa kadhaa, kisha irudishe mtandaoni. Inatakiwa ihuishe bila kuuliza nywila, foleni ipungue mpaka sifuri, na idadi ya mapokezi kwenye seva ilingane na ile iliyoandikwa kwenye kifaa.